Kabla Hajavaa Jezi Yetu: Barua kwa Vijana wa Timu ya Majengo

Assalaam aleikum wanangu,

Nawaandikia wachezaji, wanakamati, na nyinyi mashabiki ambao tangu Idi ipite mnakesha maskani na mjadala mmoja tu. Naandika waziwazi kwa sababu maneno yameshatoka mtaani kwetu, yamefika Kisauni na Likoni, na huko yanatiwa chumvi.

Jambo lenyewe ni hili. Beki aliyelelewa hapa hapa, aliyeanza kucheza pekupeku mchangani akapanda mpaka ligi ya kulipwa, alipokea pesa za watu wa kamari akauza mechi. Alishikwa, akafungiwa miaka 4. Kifungo kimekwisha, amerudi nyumbani, na ameomba acheze nasi msimu ujao. Nusu yenu mnataka apokewe kwa mikono miwili. Nusu mnasema hata mstari wa uwanja asiukanyage. Jina lake sitalitaja. Ana mama yake mtaani, na mama hakuuza mechi.

Msimamo wangu nautanguliza ili asitokee wa kuukisia. Naona arudi. Mtu akishahukumiwa, akaitumikia adhabu yake mpaka siku ya mwisho, hatuna haki ya kumwongezea adhabu ya maisha kwa hukumu ya maskani. Lakini ziko hatua ambazo bado hajazipitia, na nyinyi mnaomtetea kwa sauti kubwa ndio mnaotaka azirukie. Kwa hivyo nyinyi mnanitia wasiwasi kuliko hata wanaompinga.

Nimezisikiliza hoja zenu. Mmoja anasema tangu aondoke hatujapata beki wa kati anayeruka juu kama yeye. Mwingine anasema tukiwa naye tutapanda daraja. Mwingine anahesabu mabao ya kona. Sijamsikia hata mmoja akisema: nimekaa naye, nimeona amejuta. Sasa kila mmoja ajijibu moyoni mwake. Lau kosa hili lingefanywa na yule kijana wa benchi, anayeingizwa dakika za mwisho mechi ikishaamuliwa, mngekesha kwa ajili yake? Mngechanga nauli aletwe mazoezini? Wallahi mngekuwa mmeshamsahau. Kinachosamehewa hapa ni kichwa chake kinachofunga mabao ya kona. Huo ni usajili, msiuite msamaha.

Ugonjwa huu haukuanza Majengo. Mike Tyson alitoka gerezani Machi 1995 baada ya kutumikia kifungo cha ubakaji, na Agosti mwaka huo huo alikuwa ulingoni Las Vegas akilipwa mamilioni ya dola. Nani aliuliza habari za msichana aliyedhulumiwa? Juni 1997 akaling'ata sikio la mpinzani wake, Evander Holyfield, dunia ikitazama, leseni yake ikafutwa, na Oktoba 1998 akarudishiwa. Alirudishwa kwa kuwa ukumbi ungejaa.

Sasa nije kwa mtu ambaye katika maneno yenu yote ya usiku sijamsikia akitajwa. Kipa.

Mechi ile mnaikumbuka. Beki alimwangusha mshambuliaji ndani ya eneo la hatari bila sababu, ikawa penalti. Baadaye, kwenye kona, akamwachia mtu wake ajifungie anavyotaka. Kipa wa siku ile alikuwa mtoto wetu pia. Walikua pamoja, na siku ya majaribio ya klabu walipanda matatu moja. Lawama zote zilimwangukia yeye. Mlisema ameuza. Mlimtungia nyimbo. Watoto wakawa wanamzomea dada yake akienda sokoni. Msimu ulipokwisha klabu ikaachana naye. Ukweli ulipokuja kujulikana, muda mrefu baadaye, hakuna aliyekwenda kumbishia hodi. Leo anaendesha tuktuk Kongowea, na mpira hautazami hata kwenye televisheni. Nimekwenda kuzungumza naye. Hana maneno makali juu ya mtu yeyote. Alichoniambia ni kwamba tangu siku ile hadi leo hakuna mtu aliyemuuliza yeye anaonaje.

Wanangu, kila mchezaji mwenye jina akikosea, watu hugawanyika kumhusu yeye: kipaji chake, miaka iliyompotea, atarudi akiwa bado na kasi? Waliodhulumiwa wanapitwa kando. Sisi watu wa hapa pwani tuna la kujibu zaidi kuliko wengine, maana jambo hili tulifunzwa chuoni tukiwa wadogo. Toba ina masharti yake. Uiache dhambi, ujute, uazimie kutoirudia. Hayo ni baina yako na Mola wako. Ikiwa kosa limegusa haki ya mja, liko sharti la nne: umrudishie haki yake au umtake radhi. Adhabu ya shirikisho la mpira hailiondoi sharti hilo. Miaka 4 aliyokaa nje, beki wetu amewalipa wenye ligi. Kipa hajalipwa kitu.

Nitoe mfano unaomhusu Mkenya mwenzetu. Aprili 2014 Rita Jeptoo alikuwa wa kwanza kukata utepe katika marathoni ya Boston. Nyuma yake alikuja Mhabeshi, Buzunesh Deba. Baadaye mwaka huo Jeptoo alipatikana na EPO, dawa iliyokatazwa ya kuongeza nguvu, akafungiwa miaka 2, na mwaka 2016 mahakama ya michezo ikaifanya 4 na kuyafuta matokeo yake ya Boston. Deba akatangazwa mshindi. Lakini utepe ulishakatwa na mwingine, na waliojipanga barabarani kushangilia walisharudi makwao zaidi ya miaka 2 nyuma. Hata tofauti ya pesa za zawadi ilimpita kwa miaka, mpaka 2024 Mmarekani mmoja shabiki wa mbio alipotoa dola 75,000 mfukoni mwake akampa. Asiyekuwa na kosa ndiye aliyelipa. Kwa hivyo nikisikia watu wanabishana kama mkimbiaji fulani aliyetumia dawa arudi au asirudi, mimi huuliza kwanza Deba wa mbio zile ni nani, na amepata nini.

Wapo waliorudi na nikaona kurudi kwao kuna maana. Tuliokuwa tukipenda kutazama kriketi tunamkumbuka Maurice Odumbe. Februari 29, 1996, huko Pune, India, alikuwa nahodha Kenya ilipowashinda West Indies katika Kombe la Dunia, na yeye akawa mchezaji bora wa mechi. Siku ile tulitembea Mombasa vifua mbele. Agosti 2004 akafungiwa miaka 5 kwa uhusiano wake na madalali wa kamari. Kifungo kilipokwisha mwaka 2009, akiwa na miaka 40, alirudi kucheza mechi za klabu, na mwaka 2018 akapewa ukocha wa timu ya taifa. Wako waliokasirika. Mimi niliona njia ile ilikuwa ndefu vya kutosha: alikaa nje muda wote aliohukumiwa, akaanza tena chini, na karibu miaka 9 ikapita kabla hajakabidhiwa vijana wa taifa.

Lakini ambaye ningependa mumtafakari zaidi ni Mohammad Amir wa Pakistan. Agosti 2010, katika uwanja wa Lord's jijini London, akiwa kijana wa miaka 18, aliuvuka mstari kwa makusudi wakati wa kurusha mpira, jambo ambalo ni kosa katika kriketi, kwa sababu wakala alikuwa ameshapokea pesa. Nahodha wake, Salman Butt, alikuwa ndani ya njama, na Mohammad Asif pia. Mwaka 2011 mahakama ya London ilimpa Butt kifungo cha miezi 30, Asif 12, Amir 6. Baraza la kriketi nalo likamfungia Amir miaka 5, na hao wakubwa zaidi. Amir alikiri. Aliporudi kwenye kambi ya taifa, wako wachezaji wenzake waliokataa mwanzoni kufanya naye mazoezi, na mwaka 2016 akacheza tena kimataifa huku akizomewa viwanjani. Juni 2017, fainali ya Champions Trophy dhidi ya India, akawatoa wapigaji wakubwa wa India, Rohit Sharma, Virat Kohli na Shikhar Dhawan, na Pakistan ikachukua kombe.

Najua mtaking'ang'ania kipande cha mwisho, cha kombe. Mimi nawaonyesha viwili vya kabla yake. Cha kwanza, nahodha alihukumiwa zaidi kuliko kijana aliyetumwa. Wetu alikuwa na miaka 21. Aliyempelekea bahasha alikuwa mtu mzima, na mtu huyo mpaka leo hajatajwa. Huenda yuko mjini anatafuta kijana mwingine. Cha pili, wenzake Amir waliachwa wakasirike. Hakuna aliyewaambia mnamharibia mwenzenu riziki. Hapa kwetu kila anayesema bado anaumia anaitwa mwenye husuda. Acheni hilo.

Nanyi mnaompinga, nina neno kwenu. Mmeshikilia kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, na mnaogopa wadogo wa akademi watajifunza kuwa unaweza kuuza mechi kisha ukarudi ukapigiwa makofi. Hofu hiyo naiheshimu, tena mimi ninayo. Ila tutazame alikoozea. Ligi Kuu ya nchi hii iliitwa kwa jina la SportPesa, kampuni ya kamari, kuanzia 2015 hadi kampuni hiyo ilipojitoa mwaka 2019, na vilabu vikabaki vinahangaika. Vijana wanacheza miezi bila mshahara. Hapo maskani mnapomhukumu, nusu yenu mna mkeka wa kamari wa wikendi kwenye simu. Kijana aliyelelewa akiona kila mtu mzima anatarajia pesa kutokana na matokeo ya mechi, akaja mtu akamwambia matokeo hayo yako miguuni mwako, jaribu lake lilikuwa kubwa. Kosa linabaki ni lake. Alijua, na wapo wenziwe waliokosa mshahara vilevile wasipokee. Lakini msimtoe nje kama kwamba alitoka katika mji mwingine.

Tena kufungia mlango moja kwa moja hakuwalindi hao wadogo. Watajifunza kuwa ukikosea, ficha. Jemima Sumgong ndiye mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki, Rio 2016. Mwaka uliofuata akapatikana na EPO, akafungiwa miaka 4. Januari 2019 ikawa 8, kwa kuwa alipeleka hati za uongo za hospitali kujitetea. Miaka 4 ya dawa, na 4 ya uongo. Mimi nataka wadogo wetu waone mtu akisema kweli na kweli hiyo ikamfaa kitu.

Makosa hayalingani, na wengi wenu mnayatia kapu moja. Kijana wetu akianguka kwenye unga, kama walivyoanguka wengi Mombasa hii waliokuwa na miguu ya dhahabu, huyo ni mgonjwa. Akienda kunywa methadoni, dawa yake ya kuachia unga, kila asubuhi na akataka kukimbia na wenzake jioni, afunguliwe mlango leo, bila kikao. Aliyempiga refa akae nje, aombe radhi hadharani, arudi. Lakini anayempiga mke au kumlazimisha msichana, hilo si jambo la timu kulimaliza kwa kahawa. Lina polisi na mahakama, na likishapita huko bado sioni kwa nini tumpe jezi yenye jina la mtaa ambao binti huyo anaishi. Nchi hii ilimzika Agnes Tirop mwaka 2021, bingwa wa mbio za nyika, aliyekutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten wiki chache tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Baada ya kaburi lile, anayeniambia "hayo ni ya nyumbani kwake, sisi tunaangalia mpira" simuelewi na sitaki kumuelewa.

Turudi kwa beki. Haya ndiyo ninayoiomba kamati.

Kwanza aende kwa kipa. Aende nyumbani kwake, si uwanjani, na asiwepo mtu wa kupiga picha. Amwambie alichofanya, kwa maneno yake mwenyewe, na penalti ile aieleze kama ilivyokuwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huku ndiko kuinama kwenyewe. Kisha aje mbele ya kamati aseme nani alimletea pesa, kwa njia gani, na nani mwingine aliguswa, na jina hilo lipelekwe kunakohusika. Akisema amesahau, nami nitasema hayuko tayari.

Akishapita hapo, asajiliwe kama mchezaji mwingine yeyote. Afanye mazoezi, apambanie namba, akae benchi kama kocha ataona hivyo. Utepe wa unahodha asifungwe msimu huu wala ujao. Pesa za timu asizishike, hata za maji. Wadogo wa akademi azungumze nao mwenyewe kuhusu bahasha ile ilivyokuja na ilivyomwacha, kwa sababu hakuna mwalimu atakayelieleza jambo hilo kama yeye. Mashabiki wa timu pinzani watamwimbia nyimbo mbaya. Avumilie. Justin Gatlin alipomshinda Usain Bolt mita 100 London mwaka 2017, miaka 7 baada ya kurudi kutoka kifungo chake cha pili cha dawa, uwanja mzima ulimzomea, naye akapiga magoti mbele ya Bolt, na Bolt akamkumbatia. Kukumbatiwa na Bolt hakukuunyamazisha uwanja, na sidhani kama ulipaswa kunyamaza. Watu wana kumbukumbu zao.

Akiyakataa haya, tumtakie heri aendako. Beki wa kati tutampata mwingine.

Na nyinyi mashabiki mlioimba, msijifiche nyuma ya beki. Yeye alimponza kipa kwa mechi moja, nyinyi mlimwandama msimu mzima. Mwenyekiti wa mashabiki aandike barua kwa kijana yule na kwa familia yake, itiwe saini na kila aliyekuwa kiongozi wakati ule, na isomwe kwa kipaza sauti kabla ya mechi ya kwanza. Kamati nayo imwite, kama atapenda, awafundishe makipa wetu wadogo, kwa posho ile ile wanayopata makocha wengine. Asiitwe kwa huruma. Alikuwa kipa hodari.

Huenda akasema hataki kumwona beki. Hiyo ni haki yake, na asishinikizwe na mtu, si imamu, si mjomba wake, si mimi. Hapo beki atakuwa ameomba na ameshindwa kupata, na kamati itasubiri mpaka nusu ya msimu kabla ya kumsajili, ili kijana yule asilazimike kusikia jina hilo likitangazwa uwanjani wiki ile ile aliyosema hapana.

Kikao chenu ni Jumapili baada ya Alasiri. Mimi pamoja na wazee wengine wawili wa mtaa tumekubaliana kumsindikiza beki Kongowea Ijumaa baada ya sala, ikiwa yeye atakubali na kipa ataridhia tufike. Beki sijamuuliza bado; hilo nimeliacha kwa nahodha, kwa kuwa nyinyi ndio mtakaocheza naye. Katibu anipe jibu kabla ya Alhamisi jioni.

Wenu katika heri,
Mzee wenu, Majengo, Mombasa